Mziki wa Kupiga Hewa: Vile Utajiundia Kinubi cha Mwanga Kwa Keja Yako

Tuanze na swali moja rahisi. Mara ya mwisho uliskia ngoma mpya ukasema "hii sauti sijawahi iskia" ilikuwa lini? Fikiria poa kabla ujibu.

Wasee wengi wanaounda biti saa hii wanatumia programu moja na mafolda yale yale ya sauti za kudaunlodi. Drum ni ile, piano ni ile, hadi ile filimbi ya juu juu ni ile. Ndio maana unaweza pakia ngoma yako YouTube usiku, ukiamka unapata claim ya msee wa nchi ingine hata humjui. Hakuna mwenye ameibia mwenzake. Ni vile mlichota maji kwa kisima kimoja, na yeye alifika kwa karani kabla yako.

Njia moja ya kutoka kwa hio foleni ni kuunda chombo chako mwenyewe. Na hapa hatubongi kununua gita ama kinanda cha bei ya bodaboda. Tunabonga chombo cha mwanga: unapitisha mkono hewani, unakata miale, sauti inatoka. Hugusi kitu. Ukicheki kwa mbali unaweza dhani ni uchawi, kumbe ni vitu vidogo vya dukani na jioni mbili za kutulia.

Hii story ni ya vile inafanya kazi na vile utaiunda. Kama hujawahi shika waya maishani, usijam, tutaenda pole pole.

Hii kitu ilitoka wapi?

Kupiga mziki bila kugusa chombo ni idea ya kitambo sana. Karibu 1920, Mrusi anaitwa Lev Termen aliunda kifaa chenye antena mbili. Ukisongeza mkono karibu na antena moja sauti inapanda, ingine inaongeza ama kupunguza volume. Watu wa magharibi walimwita Leon Theremin, na chombo kikabaki na jina lake. Lakini hio ya Termen haikuwa ya mwanga. Ilikuwa inasoma vile mwili wako unaharibu umeme wa hewani.

Mwanga uliingia kwa stage kwa nguvu mwanzo wa miaka ya 1980. Mfaransa Bernard Szajner aliunda kinubi cha leza, na Mfaransa mwingine, Jean-Michel Jarre, akakifanya maarufu. Jarre alikipiga kwa shoo zake za China mwaka wa 1981, Beijing na Shanghai. Imagine wewe ni fan hapo nyuma: jamaa amesimama gizani, miale inapanda kutoka sakafuni kama nyuzi, na kila akiweka mkono kwa mwale mmoja, noti inalia.

Ukicheki video zake utaona amevaa glavu. Hio si swagger pekee. Leza yake ilikuwa kali, na pia glavu nyeupe inarudisha mwanga poa chini kwa sensa. Mashine ya aina hio haina fremu. Mkono ndio unageuka kioo, sensa inaona mwanga umerudi, noti inapigwa. Yetu itakuwa rahisi zaidi. Tutaweka sensa upande wa pili wa mwale, na ukikata mwale, sensa inaona giza.

Siri yote iko kwa kadude kadogo

Kadude kenyewe kanaitwa LDR. Ni kidogo kama punje ya hindi, kina miguu miwili, na juu kina mstari umejipinda kama nyoka. Ndani kuna kemikali inapitisha umeme kulingana na mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, umeme unapita rahisi. Giza likiingia, umeme unakwama.

Kile kipimo cha kukwama kinaitwa ukinzani, na unapimwa kwa omu. LDR ya kawaida ukiifunika kabisa inaweza fika omu 1,000,000. Ukiimulika na tochi karibu, inashuka hadi mia kadhaa. Hio ni tofauti kubwa mbaya. Kifundo cha volume cha redio kinafanya kazi hio hio ya kubadilisha ukinzani, tofauti ni kwamba hapa badala ya kukizungusha na vidole, unakizungusha na kivuli chako.

Ukishaelewa hapo, umeelewa mashine yote. Kila kitu kingine ni kubadilisha hicho kivuli kiwe sauti.

Toleo la kwanza: kadude ka kulia

Anza na hii kabla ya mambo ya leza. Inaitwa theremini ya mwanga, na roho yake ni chipu inaitwa 555. Ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka wa 1971, na hadi leo fundi yeyote wa vifaa vya umeme anaijua. Zunguka Luthuli ama uliza fundi wa redio wa mtaa wenu. Uliza bei kwa maduka matatu kabla utoe doo, juu bei ya vitu ndogo inabadilika kulingana na vile unakaa.

Unahitaji:

- Chipu ya 555 moja
- LDR moja
- Reziseta ya omu 1,000 (dukani sema "one k") na ingine ya omu 100
- Kapasita ndogo ya namba 104
- Kapasita ya mikrofaradi 10, ile ya mtungi
- Spika ndogo ya omu 8. Ya redio iliyokufa inatosha
- Betri ya volti 9 na kichwa chake cha waya
- Bredibodi, ile bodi ya plastiki yenye mashimo, na waya za kudunga

Bredibodi inamaanisha hauchomelei kitu. Unadunga, ukikosea unatoa, unadunga tena. Acha chuma ya moto mpaka siku ujue unachotaka.

Sasa shika chipu. Ina kishimo ama nusu duara upande mmoja. Geuza hio alama iangalie juu. Mguu wa juu kushoto ni namba 1. Unashuka kushoto 2, 3, 4, halafu unavuka kulia chini ndio 5, unapanda 6, 7, mpaka 8 juu kulia. Wengi wanaharibu hapa, wanahesabu kama kusoma kitabu. Hesabu kama unazunguka nyumba.

Dunga hivi:

1. Mguu 1 unaenda kwa upande hasi wa betri.
2. Mguu 8 na mguu 4 zinaenda kwa upande chanya.
3. Reziseta ya omu 1,000 inakaa kati ya mguu 8 na mguu 7.
4. LDR inakaa kati ya mguu 7 na mguu 6.
5. Waya mmoja unaunganisha mguu 6 na mguu 2.
6. Kapasita ya 104 inatoka mguu 2 inaenda hasi.
7. Mguu 3 ndio mdomo. Hapo weka ile kapasita ya 10, mguu wake wa chanya ukiangalia chipu. Upande wa pili weka reziseta ya omu 100, halafu spika, halafu spika imalizie kwa hasi.

Mguu 5 uache bila kitu. Cheki waya zote mara ya pili, ndio sasa uweke betri. Kama chipu inapata moto, toa betri haraka, umegeuza chanya na hasi mahali.

Kama iko sawa, itapiga kelele. Weka mkono juu ya LDR, sauti inashuka. Toa mkono, inapanda. Washa tochi ya simu, inalia kama mbu mwenye hasira.

Kwa nini inalia?

Usiruke hapa, juu ndio itakufanya uwe bosi wa hio sauti badala ya kukopi tu.

Chipu inajaza kapasita na umeme, ikifika kiwango fulani inaimwaga, halafu inajaza tena. Ni kama mtu anajaza jerikeni na kuimwaga bila kuchoka. Kila mzunguko mmoja unasukuma spika mara moja. Mizunguko mingi kwa sekunde ni sauti ya juu, michache ni sauti nzito. Na maji yanaingia kwa jerikeni kupitia LDR. Mwanga ukiwa mwingi, mfereji umefunguka. Giza, mfereji unatiririka pole.

Kuna hesabu yake: gawanya 1.44 kwa ukinzani wa reziseta ukijumlisha mara mbili ya ukinzani wa LDR, halafu gawanya tena kwa kapasita. Kwa vitu tumetumia inatoka hivi:

- LDR ikiwa omu 1,000, unapata kama hertz 4,800. Mbu.
- Ikiwa omu 10,000, kama hertz 690. Filimbi.
- Ikiwa omu 100,000, kama hertz 72. Besi.
- Ikiwa omu 1,000,000, kama hertz 7. Hio si sauti tena, ni tik-tik-tik. Umepata drum.

Umeona hapo? Kitu kimoja kinakupa besi, filimbi na mdundo, na chenye kinabadilika ni kivuli tu. Ukitaka yote ishuke, weka kapasita kubwa kidogo. Ukiweka ya 224 badala ya 104, kila kitu kinashuka zaidi ya nusu. Hakuna folda ya kudaunlodi itakupa hio nguvu ya kuamua.

Kitu kingine utanotice: ukiwa chini ya balbu ya stima, sauti inaweza kuwa inatetemeka. Stima yetu ni ya hertz 50, kwa hivyo balbu nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho lako halioni, lakini LDR inaona kiasi. Wengine wanachukia hio mtetemo. Mimi ningeirekodi.

Toleo la pili: sasa kinubi chenyewe

Theremini ya mwanga inateleza, haina noti kamili. Ukitaka nyuzi, kila mwale uwe na noti yake, unahitaji kitu cha kufikiria. Hapo ndio bodi ya Arduino inaingia. Ni kompyuta ndogo ya kudunga kwa laptop na kuiambia ifanye nini.

Mpango uko hivi. Tengeneza fremu ya mbao ama hata karatasi ngumu ya kabokisi ya TV. Juu unaweka vileza vidogo, vikiangalia chini. Chini, kila kileza kinamulika LDR yake. Kila LDR iweke ndani ya kipande cha mrija wa soda ulioupaka rangi nyeusi, ndio mwanga wa dirisha usiichanganye.

Kwa kila uzi: LDR inatoka volti 5 ya bodi, inaingia kwa shimo la A0, halafu kutoka hapo hapo reziseta ya omu 10,000 inaenda hasi. Uzi wa pili unaenda A1, wa tatu A2, na kuendelea. Bodi ya Uno iko na mashimo sita ya aina hio, kwa hivyo ni nyuzi sita. Ukitaka nane kama nyatiti, chukua Leonardo, iko na kumi na mbili.

Bodi inasoma kila uzi kama namba kati ya 0 na 1023. Leza ikigonga LDR sawasawa, utaona kitu karibu na 970. Ukikata na mkono, inaanguka, labda 340, kulingana na mwanga wa chumba. Chukua namba ya katikati, kama 650, uiweke kuwa mpaka. Programu yako basi inasema tu hivi: namba ikiwa chini ya 650, piga noti ya uzi huo. Ikiwa juu, nyamaza. Amri za kutumia ni analogRead ya kusoma na tone ya kulia. Hio ni kazi ya mistari isiyozidi thelathini, hata kama ni mara yako ya kwanza.

Noti za kuanza nazo, kwa hertz: 262, 294, 330, 392, 440, 523. Hio ni skeli ya noti tano, na ya sita ni ile ya kwanza imerudi juu. Uzuri wake ni kwamba ukigonga vibaya bado inaskika poa. Nyimbo nyingi za kitamaduni za Afrika zimejengwa juu ya skeli za noti tano, kwa hivyo sikio lako tayari linaijua.

Mambo matatu watu wanagundua wakiwa wamechelewa:

Kwanza, usilishe leza kutoka kwa miguu ya Arduino. Kila moja inaweza kula miliampea 30 hivi, na nane zinafika 240. Tumia chaja ya simu ya volti 5, lakini usiifungue ndani. Kata waya wa USB wa zamani, chukua chanya na hasi.

Pili, amri ya tone inatoa noti moja kwa wakati. Ukitaka kukata nyuzi tatu pamoja zilie zote, tumia Leonardo na laibrari ya MIDIUSB. Laptop itaona kinubi chako kama kinanda, na utaweza kupiga sauti yoyote ndani ya FL Studio.

Tatu, LDR ni mvivu kidogo. Inachukua muda mdogo kuzoea mwanga na giza. Kwa mziki wa kutulia hautaona. Ukitaka kupiga haraka kama rapa, badilisha uweke fototransista, iko na mbio zaidi.

Macho hayana spea

Hapa hakuna mchezo. Leza ya mkono ya kuchezea mara nyingi imeandikwa miliwati 5 ama chini, lakini zile za bei ya chini si kila mara lebo inasema ukweli. Jicho likishtuliwa na mwanga linapepesa ndani ya robo ya sekunde, na hio inakuokoa tu kwa leza ya hadi miliwati 1. Zaidi ya hapo, mwale ukiingia moja kwa moja unaweza choma nyuma ya jicho, na hakuna daktari atakurudishia hio sehemu.

Kwa hivyo: miale iangalie chini kila wakati, isiwahi kuwa usawa wa macho, hata ya mtoto. Mahali mwale unaishia pawe peusi, pasing'ae. Vua pete na saa ya chuma kabla upige, juu zinarusha mwale kando. Leza za kijani za bei ya chini ziache kabisa, zingine zinavujisha mwanga wa infraredi wenye huwezi ona. Ukiwa na watoto kwa keja, tumia tochi ndogo za LED badala ya leza. Mrija mweusi kwa tochi na mrija mweusi kwa LDR, na bado inafanya kazi.

Na moshi. Mwale wa leza hauonekani mpaka kuwe na moshi ama vumbi hewani, ndio maana kwa shoo kubwa wanamwaga moshi stage nzima. Tafadhali usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba ndio upate hio vibe. Ile hewa ya makaa inaua watu kimya kimya wakiwa usingizini. Washa udi kijiti kimoja, fungua dirisha, inatosha kwa video.

Sasa uko na sauti. Ifanyie nini?

Rekodi. Njia rahisi ni simu karibu na spika. Ukitaka safi zaidi kutoka kwa ile ya 555, usidunge mguu 3 moja kwa moja kwa laptop, utaichoma. Toa sauti kati ya kapasita ya 10 na reziseta ya omu 100, ipitishe kwa reziseta ya omu 100,000, halafu kutoka hapo weka omu 10,000 kwenda hasi. Ule umeme mwingi unashuka chini ya volti 1, na hapo unaweza kuingiza kwa AUX ya woofer ama mixer.

Halafu chezea. Rekodi dakika kumi za tik-tik, kata vipande, hizo ni drum zako. Rekodi mwanga wa machweo ukiingia kwa dirisha pole pole mpaka giza, sauti itashuka yenyewe kwa nusu saa. Weka kinubi karibu na barabara usiku, nganya ikipita na mataa zake zote inakuachia melodi. Hakuna mtu duniani ako na hio rekodi, juu hakuna mtu mwingine alikuwa kwa hilo dirisha lako.

Wasee wanapendanga kusema Kanairo haina vifaa, ndio maana tunabaki kukopi. Lakini 555 ya Luthuli ni ile ile ya London. LDR haijui kama iko kwa studio ya Paris ama kwa bedsitter ya Githurai. Chenye tofauti ni nani amekaa chini akaelewa kwa nini kile kidude kinalia.

Anza na toleo la kwanza wikendi hii. Likilia mara ya kwanza litakuwa na sauti mbaya sana, kama paka amekanyagwa mkia. Usilizime. Weka mkono juu, tafuta mahali linatulia, na ukae hapo kidogo. Hio ndio noti yako ya kwanza, na hakuna msee atakutumia claim.